Ukimya Nilioufuta

Baba yangu huuza magodoro, na wateja wake walikuwa na mzaha mmoja ambao hawakuuchoka: kwamba yeye mwenyewe ndiye tangazo la bidhaa yake. Saa nne asubuhi ungemkuta nyuma ya meza ya depo, kalamu imesimama katikati ya risiti, kidevu kimezama kifuani, amelala. Wanunuzi wa jumla walisubiri wakinong'ona, kama watu waliochelewa misa.

"Papa iko anajaribisha marchandise yake ya kulalia," alisema mmoja.

"Hapana, iko anafikiri," alijibu tonton, mdogo wake baba, anayesimamia upakiaji. "Président akifikiri anafungaka macho."

Walimwita Président kwa sababu anaongoza chama cha kusaidiana cha wafanyabiashara waliokuja Kisangani kutoka milima ya Kivu Kaskazini, kama sisi. Nakitaja cheo hicho mapema kwa sababu nusura kituponze.

Nyumbani hakuna aliyeuona usingizi ule kuwa ugonjwa. Ugonjwa wa baba ulikuwa shinikizo la damu, nao ulikuwa na vidonge vyake juu ya friji, aina mbili, anavimeza bila kukosa siku na bado kipimo hakishuki. Kukoroma kulikuwa jambo jingine kabisa. Kulikuwa dalili ya mwanaume aliyekula akashiba na ambaye watoto wake wanasoma. Mama alikuwa amehamia chumba cha pili miaka mingi iliyopita, bila ugomvi, kama mtu anavyohama jua. Alipoulizwa alijibu kwa ufupi: "Baba yenu ni camion ya kutoka Bafwasende. Imekwama mu matope, dereva anakanyaga tu."

Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya biolojia. Utafiti wangu ni juu ya perere, mnyama mdogo wa mitini ambaye humwoni kamwe lakini usiku hulia kwa sauti inayopanda ngazi kwa ngazi mpaka inakuwa ukelele. Tunamhesabu kwa kumsikia, katika hifadhi ya Masako. Nieleze vizuri jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa kuwa kosa langu lilizaliwa ndani ya utaratibu huo.

Vinasa sauti tunavifunga kwenye miti jioni, navyo hurekodi mpaka alfajiri. Usiku mmoja huzaa saa kumi na mbili za sauti, na sehemu kubwa ya saa hizo ni tupu. Hakuna mwanafunzi mwenye maisha marefu kiasi cha kuusikiliza utupu wote wa msitu. Kwa hiyo hatua ya kwanza, ambayo mkono huifanya kabla akili haijaamka, ni kuipitisha rekodi katika programu inayokata kila sehemu iliyo chini ya kiwango fulani cha sauti, kisha inaunganisha vipande vilivyobaki. Tunaita kusafisha. Baada ya kusafisha, saa kumi na mbili zinaweza kuwa dakika arobaini za perere watupu.

Daktari wa moyo wa baba, mama mmoja kutoka Maniema mwenye sauti ya chini na subira ya mshonaji, aliuliza siku moja: "Na usiku, analalaka namna gani?" Baba alicheka. Mimi nikaona fursa ya kuwa na manufaa. Nilimwambia nitamletea usiku wenyewe. Nilikiweka kinasa sauti juu ya kabati la baba, kati ya sanamu ya Bikira na sanduku la mashati, na asubuhi nikaiingiza rekodi kwenye kompyuta.

Nikausafisha usiku wa baba yangu.

Daktari alisikiliza kwa vifaa vya masikioni, kichwa kimeinama. Ulikuwa mkoromo usiokatika, mzito, unaofuatana na mwingine bila nafasi.

"Anaachaka kupumua katikati?"

"Hapana, docteur. Nimesikiliza yote. Hakuna hata sekunde moja ya kimya."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alinitazama kwa muda. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya watu. Kiumbe asiye na hata sekunde moja ya kimya kati ya pumzi na pumzi hayupo. Nilipaswa kulijua hilo kuliko yeyote mle chumbani, na huenda yeye alikuwa anajaribu kulifikiria huku foleni ya wagonjwa ikimwita mlangoni. Aliongeza aina ya tatu ya vidonge. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejipongeza.

Miezi minne ikapita hivyo. Mwisho wa mwezi wa nne, baba alisimama depo kumpokea mteja, akashika ukingo wa meza, akaketi tena. Tonton alinipigia simu. Nilipofika, baba alikuwa amejishika kifua kwa kiganja kilichofunguliwa, kama anayeapa.

"Kuna kitu inaruka-ruka hapa," aliniambia. "Kama kuku ndani ya gunia. Usimwambie mama yako."

Karatasi ya mashine ya moyo ilionyesha mapigo yasiyo na mpangilio, mengine yamebanana, mengine yametengana. Picha ya moyo ilionyesha kwamba ukuta wa kushoto umenenepa, kama msuli wa mtu anayesukuma mkokoteni. Daktari alimwongezea dawa ya kuzuia damu isigande. Kisha akasema, akiitazama karatasi wala si mimi: "Huu moyo unafanya kazi ya ziada mahali fulani. Sijui ni wapi."

Nilipajua Jumapili iliyofuata, bila kustahili sifa yoyote. Tulikuwa tumetoka misa, tumekula fufu na samaki, baba amelala kwenye kiti cha sebuleni miguu juu ya stuli. Nilikuwa mezani nikirekebisha jedwali. Alikuwa anakoroma. Akaacha.

Nilihesabu kwa sababu mimi huhesabu kila kitu. Sina namna nyingine ya kukaa na sauti. Nilipofika kumi niliinua kichwa. Nilipofika kumi na tano niliona kwamba kifua chake kinapanda na tumbo linavutwa ndani, kwa nguvu, kama mtu anayevuta mlango uliofungwa kwa nje. Alikuwa anajaribu kupumua, na hewa haikuwa ikiingia. Ishirini. Midomo ilibadilika rangi. Thelathini na moja, mwili mzima ukashtuka, koo likafunguka kwa mlio ambao nilikuwa nimeusikia mara mamia kwenye rekodi yangu na kuuita mkoromo, naye akaendelea kulala.

Mama alitoka jikoni anafuta mikono.

"Mama! Umeona? Ameacha kupumua!"

"Ni vile analalaka. Inakata, inarudi."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Hakuwa na hasira. "Uliniuliza kama anakoroma. Nikasema ndiyo, anakoroma."

Niliingia chumbani nikaitafuta rekodi ya awali, ile ambayo haijasafishwa. Namshukuru msimamizi wangu, aliyetukataza kufuta chochote cha awali. Kwenye kompyuta, sauti huonekana kama picha: kelele ni madoa ya rangi, kimya ni weusi. Usiku wa baba ulikuwa na mistari myeusi kama ngazi, kuanzia juu mpaka chini. Nilihesabu mistari mirefu mpaka mia moja, nikaacha, ilhali usiku ulikuwa haujafika nusu.

Nilikwenda kwa daktari Jumatatu kabla hajavaa koti. Nilimweleza kila kitu kwa mpangilio, mpaka jina la programu na kiwango nilichokiweka, kana kwamba usahihi wa maelezo ungepunguza kosa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Donc ulikata apnée, kule kuacha kupumua, ukaniletea kukoroma."

"Ndiyo, docteur."

"Bon. Na miye niliamini. Tuko wawili. Kaa, nikuonyeshe."

Alichora koo nyuma ya karatasi ya dawa. Mtu akilala, alisema, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene kama baba, njia ya hewa hujifunga kabisa. Hewa ya damuni hupungua. Ubongo hupiga yowe, mwili hushtuka, shinikizo hupanda ghafla, koo hufunguka, kisha mchezo huanza upya. Moyo ambao ungepumzika usiku hushtuliwa mamia ya mara, nao husukuma huku kifua kinavuta dhidi ya mlango uliofungwa. Miaka ikipita ukuta wake hunenepa, mapigo hupoteza mpangilio. "Sasa vidonge vyangu vitafanya nini?" aliuliza. "Ninazima moto mchana, usiku munawasha."

Alituazima kibanio cha kidole kinachopima hewa ya damuni usiku kucha. Matokeo yalipotoka aliyasoma mara mbili. Alichukua kalamu akaandika jina la mashine.

Mashine hiyo ni sanduku dogo linalosukuma hewa kupitia bomba mpaka kwenye barakoa ya puani, na hewa hiyo hulizuia koo lisijifunge. Kisangani hatukuipata. Mwenzake baba anayefuata bidhaa Kampala aliinunua, akaifungasha katikati ya bunda la mashuka, ikapanda lori. Kisha mvua. Lori lilikwama Bafwasende siku kumi na moja, na katika siku hizo kumi na moja nililala kwenye mkeka mlangoni pa baba nikiwa na saa ya simu. Kila alipopita sekunde ishirini bila kupumua nilimgeuza ubavu, kama daktari alivyoshauri. Baba alilalamika kwa tonton kwamba nyumbani kwake kumeingia askari wa zamu. Bia ya jioni aliiacha, akanung'unika. Mama aliniletea blanketi.

Mashine ilipofika, baba aliitazama kama anavyotazama godoro lenye kasoro.

"Mwanaume atalala na hii kwenye sura? Wezi wakiingia watacheka mpaka wasahau kuiba."

Umeme wetu unakuja na kuondoka, kwa hiyo fundi alituwekea betri ya gari na paneli juu ya bati. Usiku wa kwanza baba alivumilia saa moja. Wa pili, mbili. Juma la pili alilala mpaka alfajiri, na baada ya misa ya Jumapili hiyo alinishika bega nje ya kanisa. Huniita maman, kama baba wengi wa huku wanavyowaita mabinti zao.

"Maman, leo nimesikia misa yote. Hata matangazo. Sikujua kama matangazo ni mengi vile."

Kipimo cha shinikizo kilianza kushuka. Mapigo bado yalichanganyikana, lakini daktari alisema kwa mara ya kwanza kwamba moyo umepata mahali pa kushika. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema: kila usiku, usiku wote, na mlango wa chumba ufungwe, ibaki siri ya baba, akitaka.

Hapo ndipo cheo kilipoingia. Mzee mmoja wa chama, muuza vitenge, alifariki usingizini nyumbani kwake upande wa Simi-Simi. Desturi yetu haijadiliwi: wanaume hulala uani kwenye matanga mpaka maiti izikwe, Président hutoa magodoro kutoka depo yake, kisha yeye mwenyewe hulala kwenye godoro la mwisho karibu na lango, na halali kwingine kabla ya kaburi. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa anatoka mbali kwa ndege. Watalala siku tatu.

Baba alifunga mfuko wake mbele yangu: shati, mswaki, vidonge. Mashine ilibaki juu ya meza.

"Siku tatu tu," alisema kabla sijafungua mdomo. "Unataka nivae trompe ya tembo mbele ya watu wote wa chama, maiti iko ndani?"

Baadaye nilipata majibu saba, yote yamepangwa vizuri, hakuna hata moja la kumpa.

Asubuhi baada ya usiku wa pili alipita depo kwa nusu saa. Alilala na kalamu mkononi. Nilimshika kifundo cha mkono kama ninayemsalimu, nikahesabu: mapigo yalikuwa yanakimbia na kujikwaa. Nilimpigia daktari. Alisema tumlete jioni hiyo iwapo kifua kitamuuma au akiishiwa pumzi, akaongeza: "Lakini dawa yake munaijua. Iko juu ya meza."

Wanawake hupeleka chakula matangani katika mabeseni yaliyofunikwa kitenge, na hakuna mwanaume anayethubutu kulifunua beseni la mwanamke njiani. Nililifikiria hilo mchana kutwa. Jioni niliiweka mashine ndani ya beseni kubwa, bomba limezungushwa, barakoa juu yake, kisha kitenge nikakifunga kwa fundo. Mama alinitazama nikikifunga mara ya tatu.

"Betri nitabeba miye," alisema.

Tulipanda pikipiki mbili. Uani turubai lilikuwa limetandazwa, jenereta inanguruma, nyimbo zimetulia, wanaume wanaanza kujinyoosha kwenye magodoro yetu ambayo bado yalikuwa na plastiki. Nililiweka beseni kando ya godoro la baba nikalifunua pembe moja tu.

"Maman," alisema kwa kunong'ona, meno yamebanwa, "unataka wanizike na miye?"

"Papa, ni usiku mmoja uliobaki."

"Alors, beba, rudisha."

Tonton alikuwa ameshaona. Aliinua kitenge kabisa, hana adabu ya mabeseni. "Hee! Président ameleta pompe! Unataka kujaza magodoro upepo?"

"Ni ya plongeur hiyo," alisema mwingine kutoka gizani. "Président anaenda kuzama atafute samaki mu maji ya fleuve."

"Afadhali iko na bouchon ya kuziba pua. Jana amekoroma mpaka marehemu alikaribia kuamka adai silence!"

Walicheka, kicheko cha matangani, cha chini na kirefu. Baba alicheka pamoja nao, na mkono wake ukaanza kulisukuma beseni taratibu kuelekea kwangu. Nilijua kwamba nikilipokea, mambo yamekwisha.

"Haikuwa kukoroma," alisema mtu.

Alikuwa mdogo wake marehemu, ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, rozari mkononi. Siku mbili alikuwa hajalala. Wote walimgeukia, kwa kuwa maneno yake usiku ule yalikuwa na haki ya kwanza.

"Président, miye jana nilikuwa nakuangalia. Unakoroma, sawa. Halafu unanyamaza. Nikasema, wacha nisali. Salamu Maria ya kwanza, haujapumua. Ya pili, hapana. Ya tatu nimefika 'saa ya kufa kwetu', nikasimama nije nikuguse. Ndiyo ukashtuka." Alivuta punje moja ya rozari. "Kaka yangu alikuwa analala vile vile. Tulikuwa tunamucheka."

Baadaye nilijipima: Salamu Maria moja, kwa mwendo wa mtu aliyechoka, ni kama sekunde kumi na mbili. Najua pia kwamba kutokana na maneno yake hatuwezi kuhitimisha marehemu alikufa na nini, hakuna aliyempima. Lakini usiku ule sikuwaza hivyo. Niliwaza kwamba mtu huyu, hana kompyuta, ana msiba na uzi wa punje, alisikiliza palepale nilipokata.

Mkono wa baba ulikuwa bado juu ya beseni.

"Betri iko wapi?" aliuliza.

Mama aliitua miguuni pake. Baba aliivaa barakoa mwenyewe, mbele ya chama kizima, akavuta mkanda wa nyuma kama nilivyomfundisha, akaniashiria kidole: washa. Kabla ya kulala alimgeukia tonton na kusema kitu ambacho hakikusikika kwa sababu ya hewa. Tonton alitikisa kichwa. "Amenitukana," alitueleza, "lakini kwa heshima."

Nililala ndani pamoja na wanawake. Ningependa kuandika kwamba nilipumzika. Jenereta ilipozimwa, ua wote ulikuwa kimya, na kutoka upande wa lango hapakuwa na mkoromo. Kwa mara ya kwanza nilimsikiliza baba bila kusikia chochote, na sikuwa na namna ya kujua kimya hiki ni cha aina gani. Nilihesabu mpaka mia mbili. Nikaamka, nikavuka miguu ya wamama, nikatoka.

Mdogo wa marehemu alikuwa palepale kwenye kiti chake. Alielekeza tochi ya simu yake chini ya turubai. Blanketi juu ya kifua cha baba lilipanda, likashuka, likapanda.

"Nimejaribu kuhesabu," aliniambia, "haina kitu ya kuhesabu. Inapumua tu. Enda ulale."

Tulimzika mzee siku iliyofuata. Wakati wa kukusanya magodoro, niliona mwanachama mmoja mnene akimvuta baba kando, anajishika shingo, anauliza kwa sauti ya chini. Na baba, ambaye siku tatu nyuma aliona aibu, alikuwa anamchorea koo kwa kidole juu ya vumbi la gari.

Daktari anasema huenda mapigo yasirudi sawa kabisa. Miezi minne ile ya kosa langu anakataa kuipima. Anasema ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi. Mimi huipima. Kinasa sauti kimoja bado kiko juu ya kabati, kati ya Bikira na mashati, na ile sehemu ya kusafisha nimeizima. Asubuhi, kabla ya kwenda Masako, naisikiliza rekodi ya usiku wake bila kukata: mvumo mrefu wa mashine, jogoo wa jirani, mvumo. Mama ameniambia mara mbili nikitoe. Nimemwambia kitasaidia ikitokea umeme umekatika na betri imekwisha, jambo ambalo halijatokea, na yeye anajua kwamba sio hilo, ni ule usiku nilioukata.